Mliochimba, Fukieni

Somo: Kutoka 21:33–34

Ndugu zangu, katika kitabu cha Kutoka kuna sheria fupi ambayo wengi huipita mbio wakizitafuta zile zilizo mashuhuri. Imekaa kati ya kesi za ng'ombe wapigao watu pembe na kesi za wezi wa mifugo. Inamhusu mtu aliyechimba shimo, au aliyeondoa kifuniko cha shimo la zamani, kisha akaenda zake na kuliacha vivyo hivyo. Mnyama wa jirani akipita hapo akaanguka ndani, hasara ni ya aliyechimba. Atatoa fedha amlipe mwenye mnyama, na mzoga ndio utakaokuwa wake.

Itazameni sheria hiyo. Haiulizi kama mchimbaji alikuwa na nia mbaya. Haiulizi kama alikuwa na kibali, wala kama shimo lilimpa faida. Haimlaumu mwenye ng'ombe kwamba hakumfunga kamba. Inataka kujua jambo moja tu: nani alifungua ardhi hapa, na mbona bado iko wazi? Mungu aliyeziumba mbingu na nchi alijishughulisha na shimo moja katika malisho ya kijiji kimoja. Mnadhani atanyamaza mbele ya shimo linalomeza vijiji?

Nazungumza habari ya makaa ya mawe, yale yanayochimbwa kwa mgodi wa wazi. Huko wachimbaji hawajipenyezi chini ya ardhi kwa njia nyembamba. Wanaiondoa ardhi yenyewe: msitu kwanza, kisha udongo wa juu, kisha mchanga, mfinyanzi na mawe yaliyolala juu ya makaa, mpaka tabaka jeusi lionekane. Makaa yakishachukuliwa, linabaki bonde ambalo Mungu hakuliweka pale. Na neno langu kwenu leo ni hili: aliyelifungua hajamaliza kazi mpaka alifunge, na kazi ya kulifunga huanza kabla mtambo wa kwanza haujagusa majani.

Twendeni Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Poland. Nawapeleka huko kwa sababu ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo taifa limehangaika kiasi kile kufukia lilichochimba. Ujerumani Mashariki, ile ya kikomunisti, iliishi kwa makaa laini ya rangi ya kahawia. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikichimba zaidi ya tani milioni 300 kwa mwaka, na hapakuwa na nchi nyingine iliyoifikia kwa makaa ya aina hiyo. Huko Lausitz walijenga mitambo ya kuondolea udongo ambayo jina lake, F60, limetokana na mita 60 za ardhi ambazo mtambo mmoja huweza kuzikwangua. Mmoja umehifadhiwa hadi leo katika kijiji cha Lichterfeld. Una urefu wa mita 502 na uzito wa tani 11,000. Ulifanya kazi miezi 13 tu, mgodi wake ukafungwa mwaka 1992, maana nchi iliyouagiza ilikuwa imekwisha kutoweka katika ramani.

Hapo ndipo swali la Kutoka lilipowafikia Wajerumani. Mwenye shimo ni nani? Dola iliyochimba haipo tena. Makampuni yake yamevunjwa, mitambo imezimwa, maelfu ya wafanyakazi wamerudi nyumbani bila kazi, na mashimo yametanda mpaka macho yanapoishia. Ikabidi raia wote walipe kwa kodi zao. Serikali kuu iliunda shirika la kufanya kazi hiyo, LMBV, majimbo yanayohusika yakachangia gharama, na tangu Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990 zaidi ya euro bilioni 10 zimetumika Lausitz na katika machimbo ya Ujerumani ya Kati. Kazi bado inaendelea. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ukuta wa Berlin ulipoanguka leo ni mtu mzima mwenye familia, na bado analipia umeme uliowasha taa za babu yake.

Mtaniuliza, kwa nini fedha nyingi kiasi hicho? Kama ni kurudisha udongo shimoni, si malori tu? Laiti ingekuwa hivyo! Ninyi mnaotia saini mikataba, na ninyi mnaoombwa kuuza mashamba, hapa tegeni masikio.

Ndani ya mchanga na mfinyanzi unaofunika makaa mna madini yanayoitwa pairiti, mchanganyiko wa chuma na salfa. Yamelala gizani kwa mamilioni ya miaka, mbali na hewa, bila kumdhuru mtu. Mchimbaji anapoyatoa nje, oksijeni inayafikia, maji yanayagusa, nayo yanageuka kuwa tindikali pamoja na chuma kinachoyeyuka. Miaka yote ambayo mgodi unafanya kazi, pampu huvuta maji ya chini ya ardhi usiku na mchana ili shimo likae kavu. Huko Lausitz eneo ambalo maji yake ya chini yalishushwa hivyo lilipita kilomita za mraba 2,000. Siku pampu zinapozimwa, maji yanarudi. Yanapanda taratibu ndani ya kifusi, yanaiosha tindikali na chuma, kisha yanavipeleka katika ziwa linalojikusanya shimoni na katika mito ya jirani. Ndiyo maana baadhi ya maziwa ya huko yalikuwa na maji maangavu yenye kupendeza macho lakini makali kama siki, wala samaki hawakuweza kuishi humo. Ndiyo maana vyombo maalumu huzunguka juu ya maziwa hayo vikimwaga chokaa, na baada ya muda hurudi kumwaga tena. Ndiyo maana mto Spree ulianza kubeba rangi ya kutu, hofu ikawaingia watu wa Spreewald, nchi ya vijito na misitu ya majimaji, ambao riziki yao iko katika maji hayo. Salfeti nayo haina rangi ya kumwonya mtu, wala haiondoki kwa chokaa. Inateremka na mto mpaka Berlin, ambako wasimamizi wa maji wanalazimika kuifuatilia kwa karibu, kwa kuwa mto huo unachangia maji ya kunywa ya jiji. Makaa yaliyochomwa miaka 40 iliyopita bado yako katika glasi ya maji ya mtoto wa leo.

Wala msidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Januari 2012, katika mji mdogo wa Carolina, mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, mvua kubwa iliteremsha maji ya tindikali kutoka machimbo ya makaa mpaka katika bwawa la maji ya mji. Wananchi waliambiwa wasiyanywe maji ya bomba. Ikapita miezi. Ilipofika Julai walikuwa mahakamani, na jaji akaamuru wapelekewe maji salama ndani ya saa 72. Hebu mfikirieni mama wa Carolina anayefungua bomba ndani ya nyumba yake mwenyewe na kuogopa kumpa mtoto wake kinachotoka. Yeye hakuchimba. Hakuuza tani hata moja. Yeye ndiye jirani wa ile sheria, ambaye mali yake imeanguka katika shimo la mwingine.

Na sasa sikieni habari ya wanyama wenyewe, maana Maandiko yalizungumza juu ya ng'ombe na punda, na huko Lausitz walikuwa kondoo. Tarehe 12 Oktoba 2010, katika eneo la Spreetal, ardhi iliyokuwa imekwisha kufukiwa, yenye uoto juu yake, ardhi ambayo mtu yeyote angeiita nchi kavu, ililainika ghafla na kutiririka. Zaidi ya hekta 100 ziliporomoka. Malori yalizama. Kundi la kondoo lililokuwa likilisha lilimezwa, wakafa zaidi ya 80. Sababu yake wahandisi wanaifahamu. Kifusi cha mchanga kilimwagwa bila kushikamana, maji ya chini yakapanda na kujaza nafasi kati ya chembe na chembe, na siku moja mtikisiko mdogo ukatosha kuziachanisha zote. Mwaka mmoja kabla, tarehe 18 Julai 2009, katika kijiji cha Nachterstedt kilicho magharibi zaidi, ukingo wa ziwa la mgodi wa zamani ulikatika alfajiri watu wakiwa wamelala. Nyumba zilikwenda na ardhi. Watu watatu walikufa.

Shimo lililofukiwa vibaya bado ni shimo wazi, na damu ya wale watatu inalishuhudia. Tangu hapo maelfu ya hekta za Lausitz zilizuiliwa, watu wakakatazwa kukanyaga. Ili kuishikamanisha ardhi hiyo, mafundi hushusha mabomba ya chuma yanayotetemeka makumi ya mita kwenda chini, na mahali pengine hulipua baruti ndani ya kifusi ili chembe zijibane. Kazi hiyo ingefanywa kwa gharama ndogo zaidi wakati mitambo ya mgodi ingali pale, mafundi wangali kazini na fedha ya makaa ingali inaingia.

Je, inawezekana? Inawezekana, na ilikwisha kufanyika. Katika Lausitz hiyo hiyo, miaka ya 1960, alikuwapo mbunifu wa mandhari aliyeitwa Otto Rindt. Aliutazama mgodi wa Niemtsch, karibu na mji wa Senftenberg, ungali unachimbwa, akaona ziwa ambalo lingekuja baadaye. Akasisitiza kwamba kingo zilazwe kwa mteremko wa taratibu wakati mashine zingali zinafanya kazi, na kwamba ufukwe upangwe kabla maji hayajaja. Maji yalianza kuingizwa mwaka 1967, na mwaka 1973 watu wa Senftenberg walikuwa wakiogelea. Watu walewale wa serikali ileile, wenye mashine zilezile, walifanya hapo jambo ambalo kwingine lilishindikana, kwa sababu mtu mmoja aliuliza mapema. Sisemi kwamba kila shimo ligeuzwe ziwa. Katika nchi yenye kiangazi kirefu ziwa hupoteza maji mengi kwa jua, na pengine mto unayahitaji kuliko shimo. Nasema swali la mwisho liulizwe mwanzoni.

Bwana Yesu alisimulia habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara. Alipaswa kuketi kwanza apige hesabu, asije akaweka msingi akaishiwa, na wapita njia wakamcheka. Iko katika Luka 14. Mwenye mgodi naye na aketi. Asipige hesabu ya kuchimba peke yake. Apige na hesabu ya kufunga: udongo, chokaa, miti, pampu, wapimaji wa maji watakaokuja miaka mingi baada ya lori la mwisho kuondoka. Kisha fedha hiyo aiweke mahali ambapo mkono wake hauwezi kuifikia tena.

Marekani walilitambua hili. Tarehe 3 Agosti 1977 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya migodi ya wazi ya makaa, ambayo inamtaka mchimbaji aweke dhamana ya fedha kabla ya kupewa kibali. Lakini ilibaki nafasi kwa makampuni yaliyoonekana kuwa na nguvu kujidhamini yenyewe kwa ahadi tu. Mwaka 2015 na 2016 kadhaa kati ya makubwa zaidi yalikimbilia mahakamani kutangaza kufilisika, na majimbo kama Wyoming yakajikuta yameshika karatasi. Ahadi ya tajiri haifukii shimo, wapendwa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi wa namna hiyo haujaanza, na kanuni za madini zinadai mpango wa kufunga mgodi pamoja na dhamana ya fedha za kukarabati ardhi. Namshukuru Mungu kwa walioziandika. Ila nawauliza mnaoishi jirani na machimbo: ni nani kati yenu amewahi kuushika mpango huo mkononi mwake na kuusoma?

Kuna udanganyifu mwingine ambao lazima niuseme, nao ni wa rangi ya kijani. Katika milima ya Appalachia, huko huko Marekani, wachimbaji waliogopa maporomoko, wakaishindilia ardhi kwa buldoza mpaka ikawa ngumu, kisha wakamwaga mbegu za nyasi zinazoota upesi. Mkaguzi akija anaona majani, anatia saini, anaondoka. Miaka 20 ikapita, 30 ikapita, na msitu haukurudi, kwa kuwa mizizi haikuweza kupenya. Wataalamu wa misitu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kentucky, walithibitisha kwamba mti unahitaji kama mita moja na ushei ya udongo uliolegea. Tangu mwaka 2004 upo mpango wa serikali na majimbo wa kuwafundisha wachimbaji njia hiyo, na leo buldoza zinarudishwa juu ya milima ile zikiwa na jino refu la chuma kwa nyuma, kuipasua ardhi iliyoshindiliwa na buldoza zilizotangulia. Yesu aliwaambia Mafarisayo juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa. Nyasi juu ya mwamba ni chokaa hiyo hiyo.

Ardhi hufufuka kwa udongo ulio hai. Ule wa juu, wa kina cha mkono tu, una mbegu zilizolala, kuvu zinazolisha mizizi, wadudu na bakteria wasiohesabika. Ukiukwangua kwa uangalifu, ukauweka kando usichanganyike na kifusi, ukaurudisha mapema, utakupa nusu ya kazi bure. Ukiurundika kama mlima ukausahau, utakufa humo humo ndani ya rundo kwa kukosa hewa. Ukiuzika chini ya kifusi, umezika urithi ambao Mungu aliuandaa kwa maelfu ya miaka, na hakuna duka la kuununua mwingine.

Mwenye shaka aende Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Pale hapakuchimbwa makaa. Palichimbwa mawe ya matumbawe kwa ajili ya saruji, tangu miaka ya 1950, mpaka likabaki jangwa jeupe linalochoma macho. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mwenye asili ya Uswisi, alianza kupanda. Alijaribu aina 26 za miti, nyingi zilikufa. Mvinje ulisimama, huo mti wa pwani ambao mizizi yake ina bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani. Lakini majani yake membamba yalianguka na kulala tu juu ya jiwe, hayaozi. Ndipo wakaletwa majongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu ambao watoto huwachezea wakati wa masika. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa mbolea, mbolea ikawa udongo, na juu ya udongo huo mimea mingine ikapata pa kuanzia. Leo pana msitu, mabwawa, twiga na viboko. Mungu hakuhitaji mtambo wa tani 11,000 kuurudisha uhai Bamburi. Alimtumia jongoo, pamoja na mtu mwenye subira ya kukaa miaka mingi akitazama kinachokubali na kinachokataa.

Huko Lausitz pia uhai unarudi mahali watu walipouachia nafasi. Mfuko wa shirika la uhifadhi NABU ulianza mwaka 2003 kununua ardhi ya machimbo ya zamani pale Grünhaus, karibu hekta 2,000, na sehemu kubwa hawakuilima wala kuipanda miti kwa mistari. Waliuacha mchanga na maji vijitafutie njia. Leo hudihudi anajenga humo, ndege ambaye anahitaji ardhi ya wazi yenye joto na amefukuzwa na mashamba ya kisasa mahali pengi. Pale Wanninchen, katika hifadhi ya mfuko wa Heinz Sielmann, korongo hutua kwa maelfu kila majira ya kupukutika majani, wakilala katika maji ya kina kifupi juu ya mgodi wa zamani. Nimewaambia haya ili asiwepo wa kukata tamaa na kusema kwamba ardhi iliyochimbwa imekufa milele. Imejeruhiwa. Nayo inaweza kuuguzwa.

Lakini nisiwadanganye kwa furaha hiyo, maana yapo yasiyorudi. Lausitz ni nchi ya Wasorbi, watu wadogo kwa idadi, wenye lugha yao ya Kislavi waliyoilinda kwa zaidi ya miaka 1,000 katikati ya Wajerumani. Tangu miaka ya 1920 zaidi ya vijiji 130 vya eneo hilo vimebomolewa, vyote au kwa sehemu, ili makaa yapatikane. Kijiji cha Horno, ambacho wenyewe walikiita Rogow, kilipigania maisha yake mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 2000 mahakama ililikataa ombi lao. Watu walihamishiwa mji wa Forst, na mwaka 2004 kanisa lao likaangushwa. Nyumba mpya walipewa, na nzuri. Ila lugha huishi pale jirani anapomwita jirani juu ya ua, na ukiwatawanya majirani, watoto huota ndoto katika lugha ya wengi. Hakuna chokaa ya kulitibu hilo. Katika Biblia, Mfalme Ahabu alipolitaka shamba la Nabothi, Nabothi alimwambia kwamba hawezi kumpa urithi wa baba zake, hata kwa shamba lililo bora zaidi, hata kwa fedha. Ahabu alilala kitandani akasusa chakula. Tunaijua hadithi ilivyokwisha. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jinsi ya kufukia, kuna mahali ambapo jibu la haki ni kutochimba kabisa.

Turudi sasa nyumbani. Wilayani Mbinga, mkoa wa Ruvuma, wako watu wanaojua kuchimba mashimo kuliko wahandisi wengi. Wamatengo, kwa zaidi ya karne moja, wamelima miteremko mikali kwa ngoro. Wanafyeka majani, wanayalaza kwa mistari inayokatizana, kisha kina mama wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa huo udongo. Mlima mzima unabaki na vishimo vilivyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kuporomoka na shamba. Majani yanaoza ndani ya tuta. Maharage yanaota juu yake, na msimu unaofuata mahindi. Hilo ni shimo linalolinda udongo. Na katika wilaya hiyo hiyo, pale Ngaka, makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa kwa mgodi wa wazi tangu mwaka 2011, yakasafirishwa kwa malori kwenda viwanda vya saruji ndani ya nchi na katika nchi jirani. Mashimo ya aina mbili, chini ya mvua moja.

Basi nauliza tena, mwenye shimo ni nani? Kampuni yenye leseni, naam, na ndiyo ya kwanza. Serikali iliyotoa leseni na kupokea mrabaha ni ya pili. Lakini msifunge hesabu hapo. Sakafu tunayopigia magoti imejengwa kwa saruji, na saruji hiyo imepikwa kwa moto wa makaa. Nyumba zetu, madaraja yetu, mnara wa kengele tuliouchangia kwa furaha, vyote vina sehemu katika shimo. Mzigo huo tusiuepuke kwa kumnyoshea kidole mchimbaji, wala yeye asiupunguze kwa kutunyoshea sisi. Tuliokula wote tumeketi meza moja, na bili inatuhusu.

Ninyi wenye makampuni, msituletee madawati na jezi za mpira mkadhani mmemaliza. Tunashukuru kwa madawati, tunadai udongo. Ukarabati uende pamoja na uchimbaji: hekta ya nyuma ifungwe wakati ya mbele inafunguliwa, ili siku ya kuondoka libaki shimo dogo na si bonde la kuogofya. Ninyi wahandisi na wapima maji, andikeni ukweli hata unapomuudhi mwajiri, kwa maana watu wa Nachterstedt walilala wakiamini kwamba kuna aliyepima. Ninyi wabunge, hakikisheni dhamana ni fedha iliyowekwa benki, na kiasi chake kitangazwe mahali mwananchi anapoweza kukisoma. Ninyi vijana mnaotafuta kazi, jueni kwamba kufukia ni kazi, nayo huajiri: waendesha mitambo, wataalamu wa miche, walinzi wa vyanzo vya maji. Idaini kazi hiyo kama mnavyodai ile ya kuchimba. Na ninyi wachungaji wenzangu, mapadre na masheikh, msiache shimo liwe hoja ya wanasiasa peke yao. Mlibariki ufunguzi. Simameni na siku ya kufunga.

Nanyi wananchi wa vijiji vilivyo jirani na makaa, iwe Mbinga, iwe kwingineko kokote ambako mashine zimefika au zinanukia, ninyi ndio wenye ng'ombe. Sheria ya Mungu iko upande wenu, na ya nchi pia. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Kikao kijacho, mmoja wenu anyanyuke, mama au mzee au kijana, aulize udongo wa juu umewekwa wapi, fedha ya kufunga mgodi iko benki gani na ni kiasi gani, na nani atakayepima maji ya mto wetu miaka 20 baada ya wao kuondoka. Asikae chini mpaka maswali hayo matatu yaandikwe kwenye muhtasari, na asiondoke bila kujua ni tarehe gani yatajibiwa.